Mtoto mwenye miondoko isiyo ya hiari: jinsi ya kutambua na kutibu magonjwa ya kurithi

Watoto wengi wenye distonia ya kurithi, yaani misuli inayojikaza na kusokota mwili bila hiari, huishi miaka mingi huku faili zao zikisema "mtindio wa ubongo". Baadhi yao wana ugonjwa ambao kidonge kimoja kwa siku, au hata nusu yake, kingewarudishia mwendo. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata swali moja tangu mwanzo hadi mwisho: je, kuna ugonjwa unaotibika ambao bado haujatafutwa? Jina la jeni linaweza kusubiri miezi. Dawa nyingine haziwezi kusubiri hata siku moja.

Dozi zilizotajwa hapa ni kwa ajili ya daktari anayemfuatilia mtoto. Mzazi anaweza kuzisoma ili aelewe na aulize, lakini asianze wala asiache dawa peke yake.

Anza kwa kutazama

Usimshike mtoto kwanza. Mwache akae, acheze, anywe maji, achore, atembee kwenda na kurudi, kisha akimbie. Mtoto anayeshikwa na mtu asiyemzoea hukaza mwili, na unachotaka kukiona hupotea. Waombe wazazi walete video za simu: mara tu anapoamka, jioni akiwa amechoka, wakati wa shambulio kama lipo, na akiwa usingizini. Video zionyeshe mwili mzima na macho, na saa ya kurekodi ijulikane. Mara nyingi video hizi husaidia kuliko uchunguzi wote wa siku hiyo.

Kisha amua unaona mwondoko wa aina gani. Katika distonia misuli hujikaza na kusokota kiungo katika mkao unaojirudia, hasa mtoto anapoanza kutenda jambo: mguu unapinda kwa ndani akitembea, kidole gumba cha mguu kinainuka, shingo inageukia upande mmoja. Miondoko ya korea ni ya haraka, haina mpangilio, na inahamahama kutoka kiungo hadi kiungo. Mayoklonasi ni mishtuko ya ghafla. Ataksia ni kupepesuka na kukosa shabaha. Tiki hutanguliwa na hamu fulani, na mtoto anaweza kuizuia kwa muda. Mtoto mmoja anaweza kuwa na aina mbili au tatu. Andika zote, lakini weka alama kwenye ile inayomsumbua zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoongoza utafutaji.

Kosa linalojirudia ni kuichukulia distonia kama spastisiti, yaani ukakamavu wa misuli unaotokana na jeraha la njia za neva za ubongo. Kunja na kunjua goti polepole, kisha kwa haraka. Kwenye spastisiti ukinzani unaongezeka kadiri unavyoharakisha. Kwenye distonia ukinzani haufuati kasi yako: unakuja na kuondoka, unaongezeka mtoto akiambiwa afumbe na kufumbua kiganja cha mkono mwingine, na unaisha akilala. Refleksi zisikudanganye. Katika distonia inayoitikia levodopa (dawa inayogeuzwa kuwa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo) refleksi za miguu zinaweza kuwa juu, na kidole gumba kinaweza kuinuka chenyewe kana kwamba njia za neva za ubongo zimeharibika.

Kabla ya kufikiria jeni, ondoa yale yasiyo ya kurithi. Uliza dawa zote alizopewa, hasa metoklopramidi na haloperidoli, kwa sababu hizo zinaweza kukaza shingo na kupindua macho ndani ya saa chache tu. Korea iliyoanza ndani ya siku au wiki kwa mtoto wa umri wa shule ni korea ya Sydenham mpaka uthibitishe vinginevyo: sikiliza moyo na upime dalili za maambukizi ya streptokoki, bakteria wanaoichochea. Manjano kali ya utotoni na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huacha historia inayoeleweka. Kama historia hiyo haipo, usiibuni ili faili lijae.

Maswali yanayofungua njia

Uliza dalili ziko vipi asubuhi na ziko vipi jioni. Mtoto anayeamka vizuri na kuanza kuburuta mguu kufikia alasiri, kisha akapata nafuu baada ya kulala mchana, ana ishara nzito ya upungufu wa dopamini. Uliza kama hali inakuwa mbaya akiwa na njaa na kupoa akila, au kama inakuja baada ya kutembea au kukimbia kwa muda mrefu: hapo fikiria upungufu wa GLUT1, protini inayoingiza sukari kwenye ubongo. Uliza kama kila homa inamrudisha nyuma. Uliza kama macho hupinduka juu kwa dakika au saa nyingi huku mtoto akiwa na fahamu. Vipindi hivi mara nyingi huitwa kifafa na kutibiwa bure, ilhali kipimo cha umeme wa ubongo hakionyeshi kitu wakati vinatokea.

Chora ukoo wa vizazi vitatu. Uliza moja kwa moja, kwa heshima, kama wazazi wana undugu wa damu, na kama kuna ndugu waliofariki wadogo. Uliza pia kuhusu wajomba na shangazi waliokuwa na "miguu mibovu" au waliotetemeka mikono, kwa sababu jeni ya distonia inaweza kumpita mzazi bila kumwonyesha dalili yoyote. Katika distonia ya jeni TOR1A, karibu theluthi moja tu ya wenye kasoro hiyo huugua.

Lebo ya mtindio wa ubongo inapaswa kutiliwa shaka pale ambapo mimba na uzazi vilikuwa salama, MRI ya ubongo haina kasoro, dalili zinabadilika ndani ya siku, mtoto amepoteza ujuzi aliokuwa nao, au ndugu mwingine ana hali kama hiyo. MRI safi kwa mtoto aliyekakamaa sana ndiyo ishara tunayoipa uzito kuliko zote. Haimaanishi kwamba hakuna ugonjwa. Inamaanisha kwamba ugonjwa haujapatikana.

Vipimo vya mwanzo

Mzunguko wa kwanza hauhitaji maabara ya ajabu. Pima damu kamili, kazi ya ini na figo, glukosi, asidi ya yuriki, laktati, amonia, homoni za tezi ya shingo, seruloplasmini (protini inayobeba shaba), vitamini E, alfafetoproteini, asilikanitini na asidi amino, pamoja na asidi za kikaboni kwenye mkojo. Asidi ya yuriki iliyo juu kwa mvulana mwenye distonia anayejiuma midomo na vidole huelekeza kwenye ugonjwa wa Lesch-Nyhan. Alopurinoli itazilinda figo zake, ingawa haitabadilisha miondoko. Alfafetoproteini iliyo juu pamoja na ataksia inayoongezeka inaashiria ataksia-telangiektasia. Mtoto huyo aepushwe na eksrei na skani za CT zisizo za lazima, kwa sababu seli zake hazirekebishi vizuri madhara ya mionzi.

Mpeleke kwa daktari wa macho mtoto yeyote mkubwa mwenye distonia, mtetemeko au maneno yanayokokotwa. Atafute kwa taa maalumu pete za Kayser-Fleischer, yaani shaba iliyojikusanya ukingoni mwa mboni katika ugonjwa wa Wilson, na pia mtoto wa jicho.

MRI isomwe kwa swali maalumu. Viini vya ndani ya ubongo viitwavyo kaudeti na putameni vikivimba pande zote mbili baada ya homa ni dharura ya jeni SLC19A3, inayoelezwa hapa chini. Mng'ao wa globasi palidasi, kiini kingine cha ndani ya ubongo, kwenye picha za T1 (aina moja ya picha za MRI) unaelekeza kwenye manganizi iliyojilimbikiza. Nafasi pana pembeni mwa ubongo kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa zinaelekeza kwenye asiduria ya glutariki ya aina ya kwanza, ambapo mwili hauwezi kuvunja vizuri lisini, sehemu ya protini. Ugonjwa huo unaweza kuleta damu chini ya utando wa ubongo, na familia zimewahi kushukiwa kumpiga mtoto kwa sababu hiyo.

Maji ya uti wa mgongo yachukuliwe kwa utaratibu, vinginevyo unamchoma mtoto bila faida. Mtoto afunge kula kwa muda wa saa 4 hadi 6, na damu ya kupima glukosi itolewe kabla ya kuchoma mgongo, kwa kuwa maumivu na kilio hupandisha sukari ya damu na kuharibu uwiano. Glukosi ya maji ya mgongo kwa kawaida huwa karibu 0.6 ya ile ya damu. Katika upungufu wa GLUT1 mara nyingi huwa chini ya 0.5, na laktati haipandi. Kama utapima kemikali zinazotokana na dopamini na serotonini, uliza maabara mapema ni mirija mingapi na mililita ngapi kwa kila mmoja, kwa sababu viwango hutofautiana kutoka tone la kwanza hadi la mwisho. Mirija ihesabiwe kwa mpangilio na igandishwe papo hapo kando ya kitanda. Damu ikichanganyika na maji, matokeo hayaaminiki. Sampuli hii ichukuliwe kabla ya levodopa. Lakini kama maabara hiyo haipatikani, usimcheleweshee mtoto jaribio la dawa kwa ajili yake.

Jaribio la levodopa

Kila mtoto mwenye distonia isiyo na sababu ya wazi anastahili jaribio hili. Daktari Masaya Segawa alieleza distonia inayoitikia levodopa nchini Japani katika miaka ya 1970. Kasoro ya kawaida zaidi iko kwenye jeni GCH1, na wasichana huathirika kuliko wavulana. Hata aliyekaa miaka mingi bila tiba anaweza kupata nafuu kubwa.

Tumia levodopa iliyochanganywa na karbidopa kwa uwiano wa 4 kwa 1, yaani kidonge cha miligramu 100 za levodopa na 25 za karbidopa. Karbidopa kidogo mno huleta kichefuchefu, na hicho ndicho huwafanya wazazi waache dawa. Anza na miligramu 1 ya levodopa kwa kila kilo ya uzito kwa siku, igawe mara mbili au tatu, na uongeze miligramu 1 kwa kilo kila wiki hadi 4 au 5. Mtoto wa kilo 20 ataanza na miligramu 20 kwa siku. Saga kidonge kimoja, kikoroge kwenye mililita 10 za maji, na kila mililita itakuwa na miligramu 10: mpe mililita 1 asubuhi na 1 mchana. Dawa huelea bila kuyeyuka kabisa, kwa hiyo itikiswe kabla ya kuvutwa kwenye sirinji, na mabaki yamwagwe. Vidonge vinavyoachia dawa taratibu visisagwe kamwe.

Apewe nusu saa kabla ya chakula. Maziwa, nyama na maharage hushindana nayo kwenye utumbo, na madini ya chuma huinasa. Akitapika, punguza dozi na uipandishe polepole zaidi. Usimpe metoklopramidi, kwa sababu inaziba dopamini ileile unayojaribu kumrudishia.

Mrekodi video siku moja kabla ya kuanza, kisha kila wiki kwa jambo lilelile: kutembea mita kadhaa, kushika kikombe, kuandika jina. Wenye ugonjwa wa GCH1 mara nyingi hubadilika ndani ya siku au wiki chache. Usitangaze kwamba jaribio limeshindwa kabla ya mwezi mzima kwenye dozi ya juu aliyoivumilia. Mtoto akianza kuchezacheza viungo mara tu baada ya kuanza, hiyo si sababu ya kuacha. Mara nyingi inamaanisha mwili una njaa kubwa ya dopamini: rudi nusu ya dozi, kisha panda kidogo kidogo. Mtoto mchanga mwenye upungufu wa tairosini haidroksilesi, kimeng'enya kinachotengeneza levodopa mwilini, anaweza kuhitaji kuanza na miligramu 0.5 kwa kilo kwa siku, iliyogawanywa mara nyingi.

Nafuu ndogo isiyo wazi ipimwe upya kwa kupunguza dawa taratibu huku ukirekodi. Magonjwa mengine hupata faida kidogo ya levodopa bila kuwa na upungufu wa dopamini.

Levodopa haitoshi kwa upungufu wa AADC, kwani kimeng'enya kinachoibadilisha kuwa dopamini ndicho kilichokosekana. Mtoto huyo huwa mlegevu, macho hupinduka juu, hutokwa jasho na pua huziba. Hutibiwa kwa vitamini B6, dawa zinazoiga dopamini na zile zinazozuia kuvunjwa kwake. Pia ipo tiba ya jeni inayoingizwa moja kwa moja kwenye putameni, eladokajini eksuparvoveki, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024.

Mengine yasiyopaswa kukupita

Mtoto aliyekuwa mzima, akapata homa, kisha ndani ya siku akachanganyikiwa, akapoteza usemi na kukaza mwili: mpe biotini miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kwa siku, na thiamini hadi miligramu 40 kwa kilo kwa siku bila kuzidi 1500, leo hii, kabla majibu ya jeni SLC19A3 hayajarudi. Vitamini hizi hazina madhara makubwa. Kuchelewa ndiko kunakoua viini vya ubongo. Akithibitishwa, atazitumia maisha yake yote.

Asiduria ya glutariki ya aina ya kwanza hujeruhi ubongo wakati wa homa au kutapika, hasa kabla ya miaka 3. Aliyegunduliwa mapema apewe mlo wenye lisini kidogo na kanitini miligramu 100 kwa kilo kwa siku. Familia iwe na barua ya dharura: akiugua, protini ya kawaida isimamishwe kwa saa 24, isizidi 48, na apewe glukosi kwa wingi, kwa mshipa kama anatapika. Protini ikikatwa muda mrefu zaidi, mwili huanza kula misuli yake na sumu huongezeka.

Ugonjwa wa Wilson, ambao hulimbikiza shaba mwilini, ni nadra kuonyesha dalili za neva kabla ya miaka 10, lakini ini huathirika mapema. Seruloplasmini chini ya gramu 0.1 kwa lita ni ushahidi mzito. Kati ya 0.1 na 0.2 inahitaji msaada wa shaba ya mkojo wa saa 24, ambayo kwa mtoto huleta shaka ikizidi mikrogramu 40. Uvimbe wowote mwilini unaweza kuipandisha seruloplasmini hadi ionekane ya kawaida. Penisilamini hufikishwa polepole hadi miligramu 20 kwa kilo kwa siku, tumbo likiwa tupu, pamoja na vitamini B6. Ukianza na dozi kamili, mtetemeko na usemi vinaweza kuharibika zaidi. Pima protini ya mkojo na damu kamili mara kwa mara. Zinki, miligramu 25 mara tatu kwa siku kwa mtoto aliyezidi miaka 5 na mwenye chini ya kilo 50, hufaa kwa kuendeleza tiba na kwa ndugu ambao bado hawana dalili. Dawa hizi mbili zisinywewe pamoja. Na ndugu wote wa tumbo moja wapimwe: kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4.

Upungufu wa GLUT1 hutibiwa kwa mlo wa ketojeni (mafuta mengi, wanga kidogo) chini ya mtaalamu wa lishe. Fenobabitali, valproeti na kafeini viepukwe. Ataksia ya upungufu wa vitamini E hufanana na ataksia ya Friedreich, ugonjwa mwingine wa kurithi, lakini vitamini E ya dozi kubwa huizuia isiendelee. Mashambulio ya miondoko ya sekunde chache kila mtoto anapoinuka ghafla, bila kupoteza fahamu, mara nyingi hutokana na jeni PRRT2 na hukatika kwa karbamazepini kidogo. Kwa wenye asili ya Asia, pima kwanza HLA-B*15:02, aina ya jeni inayoongeza hatari ya mzio mkali wa ngozi kwa dawa hiyo. Kuharisha kwa muda mrefu pamoja na mtoto wa jicho kwa kijana mdogo kuzue swali la zanthomatosi ya ubongo na kano, inayotibiwa kwa asidi ya kenodeoksikoliki.

Kipimo cha jeni

Palipo na uwezo, pima eksomu (sehemu za DNA zinazobeba maagizo ya protini) ya mtoto pamoja na ya wazazi wote wawili. Sampuli za wazazi hupunguza sana majibu yasiyoeleweka, na huonyesha kasoro mpya isiyotoka kwao. Mwandikie mtaalamu wa maabara dalili kamili. "Distonia" peke yake haimsaidii. Eksomu haioni vizuri marudio marefu ya herufi za DNA, kwa hiyo ataksia ya Friedreich na ugonjwa wa Huntington vinahitaji vipimo vyake. Huntington ya utotoni huja na ukakamavu na kurudi nyuma shuleni kuliko korea, na mara nyingi hutoka kwa baba. Mtoto asiye na dalili asipimwe ugonjwa wa ukubwani usio na tiba. Uamuzi huo ni wake atakapokuwa mtu mzima.

Badiliko lenye maana isiyojulikana si utambuzi. Lisimnyime mtoto jaribio la dawa, wala lisitumike kumpa mama lawama.

Kutuliza dalili

Hata pasipo dawa ya chanzo, maumivu na mikao hupunguzika. Kwa distonia ya mwili mzima, triheksifenidili huanza na miligramu 1 kwa siku na kuongezwa kila wiki moja au mbili. Angalia kufunga choo, kushindwa kukojoa, ukungu wa macho na ukorofi wa ghafla. Baklofeni husaidia pia, lakini ikikatwa ghafla huleta homa, degedege na kuona vitu visivyokuwepo, kwa hiyo familia iwe na akiba ya wiki mbili. Sumu ya botulinumu hufaa pale misuli michache ndiyo inayosumbua. Korea inaweza kupunguzwa kwa tetrabenazini, huku ukiuliza kuhusu huzuni kila unapomwona mtoto.

Kwa distonia za jeni TOR1A na KMT2B, elektrodi zinazowekwa ndani ya globasi palidasi mara nyingi huleta mabadiliko makubwa. Mpeleke mapema, kabla uti wa mgongo haujapinda na viungo kukaza moja kwa moja, kwa kuwa umeme hauwezi kunyoosha mfupa.

Distonia isiyokatika

Mikazo ikiwa mfululizo, mtoto akitokwa jasho, akipata homa na kukosa usingizi, mlaze hospitali siku hiyohiyo. Tafuta kichochezi: maambukizi, choo kilichofunga, jino, kidonda, mfupa uliovunjika, mrija wa tumboni ulioziba, dawa iliyoachwa. Pima kretini kinesi (kimeng'enya kinachovuja misuli ikivunjika), potasiamu na kazi ya figo. Mkojo wa rangi ya chai unamaanisha misuli inavunjika na figo ziko hatarini, hivyo maji ya mshipa yaanze mara moja. Mpe dawa ya maumivu, mweke chumba chenye giza na utulivu, na umlaze usingizi: klonidini au midazolamu, na chumba cha wagonjwa mahututi kiwe tayari kwa ajili ya kupumua. Akitulia saa 24 hadi 48, dawa za usingizi zipunguzwe moja baada ya nyingine, na baklofeni au triheksifenidili yake ya kila siku isikatizwe hata kwa dozi moja; ikibidi ipitie mrija wa puani.